Taa ya Chumbe na ufunguo wa jeti yetu

(Mada iliyotolewa baada ya sala ya taraweh mbele ya vijana wa jumuiya yetu. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Ndugu zangu, kwanza nawaomba radhi. Katibu aliponipigia simu kwamba zamu ya mada ni yangu, nadhani alitegemea nitazungumzia adabu za itikafu au zakatul-fitri. Hayo mashekhe zetu wapo na wanayajua kuliko mimi. Mimi ni mwanafunzi tu, mwenye madrasa ya utotoni na vitabu vya chuo vilivyochanganyikana kichwani. Nimekuja kuzungumza juu ya taa. Na sisemi taa ya mfano, ile ya kwamba elimu ni nuru, la. Ni taa ya kweli, ya moto na kioo, inayowashwa juu ya mnara ili watu wa baharini wasipotee. Na mwisho wa maneno yangu liko jambo langu mwenyewe ambalo ni lazima nilitoe kifuani, kwa hivyo ndugu msomaji nivumilie mpaka tufike huko.

Kama wengi wenu mjuavyo, mimi nasoma Unguja, na chuo chetu kiko Chukwani, kusini ya mji. Usiku wa kwanza nilipofika, mgeni, moyo mzito, simu haina salio, nilitoka nikashuka pwani nikakaa juu ya mawe. Mbele yangu baharini nikaona taa. Inawaka, inazima. Kimya kidogo. Inawaka tena. Nikamuuliza kijana mmoja wa pale aliyekuwa akikunja nyavu zake, ile ni nini? Akanijibu bila hata kugeuza shingo, "Ile Chumbe." Kwake yeye ni kitu cha kila siku, kama kwetu sisi punda. Lakini mimi mtoto wa kisiwani Pate nilikaa kuitazama mpaka nikaingiwa na baridi.

Chumbe ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, hekta 22 hivi, kiasi cha kilomita 6 kutoka pwani ile ya Chukwani. Hakina mji wala shamba, na hakina kisima cha maji matamu. Mnara wake wa taa ulijengwa na Waingereza mwaka 1904, wakati Zanzibar iko chini ya himaya yao, na kazi yake ni kuwaonyesha wanaotoka kusini, upande wa Dar es Salaam, njia ya kuingia bandari ya Unguja. Minne nyuma, mwaka 1900, walikuwa wameshasimamisha mwingine wa chuma kule Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba. Ilikuwa enzi ya karafuu na meli za moshi, na meli ikipanda mwamba ni hasara ya watu wakubwa. Tuseme ukweli, hawakujenga kwa kuwahurumia mabaharia wa majahazi. Lakini taa ikishawaka haimchagui wa kumwonyesha njia, na jahazi la Mwarabu, mashua ya Mmakunduchi na meli ya Mzungu zote ziliiona sawasawa.

Mwaka wangu wa pili tulikwenda huko na wenzangu. Tulipanda boti Mbweni asubuhi, bahari imelala kama mafuta. Kisiwa chote ni msitu juu ya mawe makali, na ndani ya msitu huo wanaishi kaa wa nazi, wale kaa wakubwa wanaotoka usiku. Ukitazama ndani ya maji unaona matumbawe ya rangi ambazo mimi nilizoea kuziona kwenye khanga tu. Yamebaki hivyo kwa sababu sehemu ile kwa miaka mingi haikuvuliwa samaki, vyombo vidogo vilikuwa vikikatazwa kukaa kwenye njia ya meli, na mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikaifanya hifadhi rasmi, inayoendeshwa na kampuni. (Najua baadhi yenu neno hifadhi likitajwa mnakunja uso, kwa mambo ya Kiunga. Hiyo ni mada nyingine na tutagombana mpaka daku. Leo tuiache.)

Tukapanda mnara. Ni ngazi zaidi ya mia moja, nyembamba, zinazunguka gizani, na mwenzetu mmoja mnene kidogo, sitamtaja, alikaa kitako katikati akasema nyinyi nendeni mtanieleza. Juu unatoka kwenye upepo, na unaiona Unguja upande mmoja na upande wa pili bahari tupu mpaka macho yachoke. Lakini kilichonishika moyo mimi hakikuwa juu. Kilikuwa chini, hatua chache kutoka mguu wa mnara. Kuna msikiti. Msikiti mdogo wa mawe, wa mtindo wa Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa taa na watu wao. Na karibu yake ndiyo ile nyumba aliyokuwa akikaa mlinzi, ambayo sasa imekuwa mahali pa kupokelea wageni. Kutoka baharini mtu asiyejua anaweza kudhani kwamba ule mnara wa taa ndio mnara wa msikiti.

Tuliswali adhuhuri pale. Imamu wetu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, na nyuma yake tulikuwa safu moja na kidogo. Nikawa nawaza (Mungu anisamehe, ilikuwa ndani ya sala) juu ya yule mtu wa mwanzo. Fikiria ndugu yangu. Kisiwa hakina sauti isipokuwa ndege na mawimbi. Maji yako ya kunywa ni ya mvua au ya kuletewa. Jua likituwa, wenzako mjini wanakaa barazani na kahawa, wewe unapanda ngazi. Katika zama zile mlinzi wa taa, popote duniani, kazi yake ilikuwa kusafisha kioo, kuangalia moto usififie, na kupanda tena usiku wa manane hata kama mgongo unauma. Na anayemfanyia kazi hiyo hamjui. Hatamwona. Yule nahodha atapita kule nje gizani, ataona taa, atageuza usukani, atakwenda zake. Hatarudi kusema ahsante, kwa sababu ajali aliyoepushwa nayo hata yeye haijui.

Taa ya Chumbe iligeuzwa kuwa ya gesi mwaka 1926. Kutoka 1904 mpaka hapo ni miaka 22. Nilipiga hesabu kwa simu nikiwa nimekaa mlangoni pa msikiti: ni usiku zaidi ya 8,000. Sisi taraweh za usiku thelathini, tukifika kumi la kati safu zishapungua.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu wengine hudhani minara ya taa ni kitu cha Wazungu tulicholetewa. Neno lenyewe linakataa. Mnara limetoka kwenye Kiarabu, manara, mahali pa moto au pa nuru, na kwa Kiswahili tukaliacha lifanye kazi zote mbili, wa kuadhinia ni mnara na wa kuongozea vyombo ni mnara. Msafiri Nasir Khusraw, alipopita mwisho wa Ghuba karibu na Abadan katika karne ya 11, alieleza habari ya nguzo kubwa za msaji zilizosimikwa baharini, na juu yake usiku zikiwashwa taa zilizokingwa kwa kioo ili upepo usizizime, mabaharia wajue pana maji mafupi. Hiyo ndiyo bahari ile ile ambayo baadaye majahazi ya Basra na Kuwait yalikuja kwetu Lamu kubeba boriti. Na Ibn Battuta, ambaye tulisomeshwa kwamba alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka mitano kabla ya hapo alikuwa Iskandaria akautazama ule mnara mkubwa wa kale, akaukuta upande wake mmoja umebomoka. Aliporudi mwaka 1349 aliukuta umeharibika kiasi kwamba hakuweza hata kuufikia mlango wake. Jengo lililosimama zaidi ya miaka 1,500, na safari ya mtu mmoja ilitosha kushuhudia likimalizika. Karne iliyofuata Sultani Qaitbay akajenga ngome mahali pale.

Na kwetu? Nenda Shela. Msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 una mnara mweupe ambao mtu anayeingia mlango wa bahari wa Lamu anauona kabla hajaziona nyumba. Walioujenga waliujenga kwa adhana, lakini muulize nahodha yeyote wa zamani atakwambia aliutumia kwa nini mchana. Unguja nao walikuwa na mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib, umejaa taa mpaka wanamaji wa Kiingereza wakaubandika jina la mti wa Krismasi wa Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 wakaupiga mizinga wenyewe, katika vita ile fupi isiyofika hata saa moja.

Sasa kuhusu hiyo gesi. Liko jambo ambalo sikulijua kabla sijasoma, nami napenda mlijue. Aliyezifanya taa za gesi zienee duniani ni Mswidi anayeitwa Gustaf Dalén. Alibuni taa inayojipima yenyewe, yenye kipande cheusi kinachopata joto la jua. Jua likitoka kinatanuka na kuifunga gesi, jua likituwa kinanywea na gesi inafunguka, taa inawaka bila mtu kuwepo. Mwaka 1912 alipewa zawadi ya Nobel ya fizikia. Na mwaka huo huo mtungi wa gesi ulimlipukia akiwa katika majaribio, akapofuka macho yote mawili. Aliishi hivyo miaka 25 mingine akiendelea kuongoza kampuni yake. Subhanallah. Mtu aliyewawashia taa mabaharia wa dunia, yeye mwenyewe hakuiona tena.

Kwa taa za namna hiyo, polepole walinzi wakapungua duniani, maana mashine haisinzii. Lakini msije mkadhani kwamba mtu ameondoka kabisa. Mtungi wa gesi ukiisha ni lazima mtu aulete. Kioo kikiingia chumvi ni lazima mtu akifute. Mashine imempunguzia mtu usiku wake, haikumfuta.

Na taa peke yake haitoshi, hilo nalo tuliseme. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama usiku ikielekea Pemba, imejaa kupita kiasi, katika mkondo wa Nungwi. Nungwi pana mnara wa taa. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikitoka Dar es Salaam na watu 290 hivi ilipinduka kwenye upepo mkali wa kusi, mchana kweupe, si mbali na Chumbe hii hii. Karibu nusu yao hawakurudi. Ilikuwa imebaki siku mbili tatu tu kuingia Ramadhani, na wengi walikuwa wakirudi kwao kufunga pamoja na jamaa zao. Pale Unguja mpaka leo ukilitaja jina la Skagit mazungumzo hukatika. Taa inakwambia mwamba uko wapi. Haikwambii kwamba chombo chako kimechoka au umepakia watu kuliko kinavyoweza. Sisi hapa tunaopanda boti za Pate na Kizingitini, watu juu ya magunia na laifu jaketi zimefungwa kamba chini ya benchi kama mapambo, tusiwacheke wenzetu.

Nilipokuwa mdogo baba alinihadithia kisa ambacho sikukifahamu mpaka nilipokaa na kuitazama taa ya Chumbe. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1418, yaani Januari 1998, mwaka wa mvua za El Nino. Wazee mnaikumbuka, mvua haikujua kwamba kaskazi imeingia. Baba na ami yangu na watu wengine wanne walitoka Lamu na mashua wamepakia unga, sukari na nguo za Idi za watoto. Ulikuwa usiku wa kuamkia mwezi ishirini na nane, kwa hivyo mwezi hakuna. Walipita Mkanda kwa maji ya bamvua, wakaivuka Mtangawanda, na mbele ya hapo mashine ikafa. Mvua ikashuka. Wakatweka tanga, wakawa wanapiga bisho katika mkondo ule mwembamba, mikoko huku na mikoko huku, na hakuna anayeona hata kiganja chake. Baba anasema nahodha alikuwa akinusa. Alikuwa akijua pwani iko karibu kwa harufu ya tope.

Mara wakaona taa mbele. Wakabishana. Mmoja akasema ni nyota iliyochomoza katikati ya mawingu. Mwingine akasema ni wavuvi na karabai lao, tukiifuata tutafuatana nao mpaka bahari kuu. Ile taa ikawa inafifia, inafifia, mpaka ikawa kama kaa la moto, wakasema basi, imezama. Halafu ghafla ikang'ara tena, nyeupe. Wakaendelea kuitazama. Baada ya muda ikafifia tena, ikang'ara tena. Nahodha akasema, "Mtu yu mato." Yaani pale pana mtu yuko macho. Kwa sababu karabai, vijana wa leo hamlijui, ukiliwasha ukaliacha presha hupungua na mwanga hufa polepole. Ni lazima mtu aje alipige pampu. Nyota haipigwi pampu. Na wavuvi wangekuwa wanasogea. Basi wakaifuata, na ilikuwa ni juu ya dari ya msikiti wetu.

Muadhini wetu wa wakati ule alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu. Alikuwa amesikia laasiri kwamba kuna mashua imetoka Lamu. Watu walipomaliza witri wakaenda zao, yeye akabaki, akapandisha karabai la msikiti juu ya dari, akaliegemeza ubavuni mwa ukuta lisipigwe na mvua, akakaa chini ya ngazi anasoma Qur'ani. Kila baada ya muda anapanda anapiga pampu anashuka. Walifika karibu na daku. Baba anasema walimkuta na kanzu imeroa mpaka kifuani, na neno alilowaambia ni moja tu, "Mumekawia." Kisha akapanda kuita watu waamke wale.

Chuoni nilisoma kwamba kila mnara wa taa duniani una mwako wake, mmoja huwaka mara moja na kunyamaza, mwingine mara mbili, mwingine mara tatu, na huandikwa katika vitabu vya mabaharia, ili nahodha akihesabu tu ajue, hii ni taa ya mahali fulani. Nikafurahi sana, kwa sababu nilijua la kwetu lilikuwa na mwako wa pampu ya mzee.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye lile nililoahidi.

Wengi wenu mnakumbuka miaka mitatu nyuma jumuiya yetu ilichangishana tukanunua taa ya sola ya jeti. Paneli, betri, na kisanduku cha chuma chenye kufuli kilichofungwa kwenye nguzo. Tuliipiga picha siku ile, picha ilitoka kwenye jarida hili hili, na mimi ndiye niliyesimama katikati nimetabasamu. Kazi ya kuiangalia nilipewa mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza skuli na sina shughuli. Si kazi kubwa. Mara moja kwa wiki kufuta chumvi na kinyesi cha ndege kwenye paneli, kufungua kisanduku, kuangalia zile nyaya za betri zisishike kutu. Mwaka ule sikukosa hata wiki moja.

Septemba nikaenda chuo. Ufunguo ulikuwa katika bunda langu la funguo. Nilisema nitampa fulani, fulani alikuwa Mombasa. Nilisema nitamwachia mama, nikasahau. Nikiwa Unguja nilikuwa nauona kila siku, mdogo wa shaba, uko pamoja na ufunguo wa kabati langu la bweni, na kila nikiuona nilisema likizo Inshaallah nitaurudisha. Likizo ilipokuja nilikuwa na mitihani ya marudio, sikuja. Nyumbani watu waliona taa inapungua nguvu, wakasema mwenyewe yupo, atakuja. Hakuna aliyetaka kuvunja kufuli la jumuiya. Hata siwalaumu, ni heshima. Mwisho ikazima kabisa.

Mwaka jana wakati wa kusi, usiku, mashua ilikuwa ikimleta mama mjamzito kutoka kisiwa cha pili, uchungu umeshamshika, wamkimbize hospitali. Nahodha alikuwa kijana, hakuizoea njia yetu, lakini aliambiwa ukiona taa nyeupe kulia kwako ndiyo jeti. Hakuona taa. Akapita. Akaingia ndani ya mikoko, na maji yalikuwa yanatoka. Mashua ikakaa juu ya tope, na wakakaa hapo zaidi ya saa tatu. Mtoto alizaliwa mle mle chomboni, juu ya tanga, kwa mwanga wa simu mbili. Alhamdulillahi mama na mtoto wako hai. Lakini mama alivuja damu nyingi, ikabidi asubuhi apelekwe Lamu, na alilazwa karibu wiki mbili.

Mimi habari nilizipata kesho yake magharibi. Baba alinitumia sauti kwenye simu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ufunguo wa taa ya jeti unao nani?" Nilikuwa nimekaa juu ya yale mawe ya Chukwani, na mbele yangu taa ya Chumbe inawaka na kuzima kama kawaida yake, miaka zaidi ya mia moja, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Sikumjibu baba mpaka baada ya isha. Nilikuwa sina la kuandika.

Nimerudi mwezi wa Shaaban, kitu cha kwanza nilikwenda kufungua kile kisanduku. Betri imevimba. Nyaya zimefanya ukungu wa kijani. Mjusi ametaga ndani. Nilikwenda kwa yule mama nikamwomba radhi, yeye akacheka akaniambia mtoto ni wa kiume na ana nguvu, na akanipa nimbebe. Ingekuwa amenitukana ningepata nafuu. Kwa nahodha sijakwenda bado, nitakwenda Idi.

Betri mpya nimeinunua, fedha kidogo ni zangu na nyingi ni za ami, na taa imewaka tangu mwezi wa kwanza wa Ramadhani, mmeiona. Lakini Ijumaa iliyopita, nilipokuwa nimeshajisifu kidogo, mzee mmoja pale barazani aliniambia, "Kutia taa si kazi, mwanangu. Wewe waitia yeo, watu wakupiga makofi. Ni nani taipanda mwaka wa tatu?" Nikawa sina jibu. Nimekuwa nalifikiria swali hilo kulla nikisimama kwenye taraweh, na ndilo lililonifanya niikubali zamu hii ya mada.

Nilivyoona mimi ni hivi. Kosa halikuwa kwamba nilisahau, ingawa nilisahau. Kosa ni kwamba tuliifanya taa ya mtu mmoja. Hata yule muadhini wetu, Mungu amrehemu, alipofariki karabai lilirudi chini siku ile ile, na hakuna aliyeuliza. Chumbe walijenga nyumba ya mlinzi na msikiti wa mlinzi, kwa sababu walijua mlinzi huyu ataondoka na atakuja mwingine na mwingine.

Kwa hivyo nimebandika karatasi mlangoni, pale panapowekwa ratiba ya futari. Ni wiki 52, kila wiki majina mawili, ili mmoja akisafiri mwenzake awepo. Wasichana wa madrasa wameshajaza wiki tisa kabla nyinyi hamjaiona, nasema hivyo ili muone haya kidogo. Wiki za kusi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, ndizo zilizo tupu, na ndizo zenye shida zaidi kwa sababu ya mvua na chumvi. Mimi nimejiandika wiki mbili za likizo yangu, na sikujiandika zaidi kwa sababu sitakuwepo, na sitaki tena kuahidi nikiwa mbali.

Funguo tumechonga tatu. Mmoja yuko nao muadhini. Wa pili tumempa yule bibi anayeuza mahamri jetini, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kufika alfajiri na ndiye anayejua taa ililala vipi. Wa tatu ndio huu, ule ule wa shaba, nimeutoa kwenye bunda langu. Kesho kutwa ya Idi narudi Unguja. Nitaushika mkononi hapa mlangoni, na nataka mmoja wenu auchukue kabla hatujavaa viatu.